Besi Inaita, Bibi Anaitika

Leo nimefukuzwa kwenye muziki na mke wangu mwenyewe, na hata hakujua kama anaimba.

Mjukuu wangu Apiyo anatengeneza dabstep hapa kwetu Makindye. Ni ile ngoma ya kutetemesha vikombe kabatini.

DJ wa kuipiga kwenye dansi alikuwa anaingoja jioni hii, na Apiyo amekwama pale ngoma inapotakiwa kupasuka. Akanigeukia mimi, babu yake, anayeniita Jaja.

"Jaja, besi inaita, halafu kimya. Hakuna wa kuitikia."

Jamani, mimi nimekimbia mchakamchaka jeshini. Mmoja anaimba, sisi wote tunaitika mpaka miguu inasahau kuchoka. Nikamwambia lete maiki.

Besi ikasema wuooob. Nikaitika, "Eeeeh!"

Wuooob. "Eeeeh!"

Mke wangu akafoka kutoka jikoni, "Wewe mzee, wacha kelele!"

Nikaweka maiki chini. Mwanajeshi anajua vita ya kukimbia.

Apiyo akasikiliza alichorekodi. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanitazama kwa huruma.

"Jaja, wewe nimekutoa. Bibi nimemwacha."

Sasa besi inanguruma, jiko linajibu "Wacha kelele!", besi inanguruma tena kama imetukanwa. Hata mimi nilicheza, na goti langu hili.

DJ ameisikia, amepiga simu. Anauliza kama huyo mama anaweza kuja kuitikia mwenyewe mbele ya watu.

Nyinyi mliooa, semeni, hii ni haki?

Mke wangu anapiga pasi gomesi, gauni lake la sherehe. Mimi nimeambiwa nitabeba spika.