Rais Asiyetoa Viza

Juzi nilikwenda Lanham, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya wazee, kumsalimu shoga yangu anayefanya kazi pale. Kando yake mama mmoja wa Bukavu, mhudumu mwenzake, alikuwa akimnyoa ndevu mzee Mhispania. Mzee akajisifu kwamba kwao, jimbo la Wabaski, aliwahi kuwa rais.

Mama akasimamisha wembe. “Papa, mtoto wangu amekwama Bujumbura. Mtafutie viza ya Hispania.”

“Viza hutolewa na Madrid.”

“Ongea basi na jeshi lako limtoe.”

“Jeshi nalo ni la Madrid.”

“Sasa ulikuwa unatawala nini?”

“Tulikusanya kodi wenyewe.”

“Ah, basi ulikuwa rais kweli. Hata marais wa kwetu hiyo ndiyo kazi yao.”

Nilicheka peke yangu. Mama aliendelea na shavu la pili, maana utani haumtoi mtoto Bujumbura.