Walipokuja kumchukua Milena wetu kutoka Ikutha

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya ninayoandika yametokea kwetu, mbele ya macho yangu, na kama kuna mtu wa Ikutha humu ndani atawaambia siongezi chumvi. Majina ya wengine nimebadilisha. Jina moja siwezi kulibadilisha kwa sababu ndilo stori yenyewe.

Naitwa Milena.

Sio jina la mtandaoni, liko kwa kitambulisho. Mimi ni Mkamba halisi, nimezaliwa Ikutha, na sasa nina duka la dawa za mifugo pale Kambu kwenye barabara ya Mombasa. Wateja wengine hudhani Milena ni jina la Kikamba. Wale wajuaji huuliza kama mamangu alikuwa anatazama soap za wazungu akiwa na mimba yangu. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, so leo najibu mara moja.

Nilishawahi kuli-google. Kuna Milena waimbaji, Milena wa mpira wa wavu, waigizaji, maprofesa, wote wa kule Ulaya mashariki. Mtandao unasema maana yake ni mpendwa, yaani kwa Kikamba ningekuwa Mwende. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kutoka Ikutha. Hiyo ilinikera, kwa sababu kwetu ukirusha jiwe sokoni unaweza kumpiga Milena.

Wacha nieleze.

Zamani, kabla baba yangu hajazaliwa, kulikuwa na kliniki ndogo ya kanisa upande wetu. Daktari wake alikuwa mwanamke mzungu, Milena. Nchi aliyotoka siku hizi haipo, iligawanyika ikawa nchi kadhaa.

Siku moja mke wa babu yetu mkuu alishikwa na uchungu na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wanawake wa pale walikuwa wameshaanza kulia. Daktari akaja, akafanya alichofanya, mama akapona na mtoto akapona. Mtoto alikuwa msichana, na ndiye susu wangu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya.

Kwa desturi, huyo msichana alipaswa kuitwa jina la mama ya babake. Babake akakataa. Akampa jina la daktari, na wazee wakanuna kweli kweli.

Wakuu ambao si wa kwetu, hapa msome polepole. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linasikika tamu. Anapewa jina la mtu, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye huyo mtu. Baba yangu ameniita "mwaitu", yaani mama yangu, tangu nikiwa kwa nepi, kwa sababu nina jina la mama yake. Susu naye, wazee wa Ikutha humwita Ndakitali, yaani Daktari, mpaka leo, na hajawahi kushika sindano isipokuwa ya kushona magunia.

Sasa jina likishaingia kwa nyumba namna hiyo, halitoki. Kila mtoto wa susu akijaliwa mabinti, mmoja lazima awe Milena. Ndiyo maana tumejaa.

Daktari mwenyewe hakuishi sana. Msimu mmoja wa mvua kubwa aliitwa ng'ambo ya mto Tiva kwa mama mwingine aliyekuwa na uchungu. Watu walimwambia asubiri maji yapungue. Akasema mtoto hasubiri mto. Mto ukamchukua.

Walimpata kesho yake mbali huko chini. Barabara zote zilikuwa zimekatika na mochari haikuwepo. Babu yetu mkuu akasema, "Atalala kwangu." Akamchimbia kaburi kwa shamba lake mwenyewe.

Mtu wa kwetu hakupi kaburi kwa shamba lake hivi hivi. Ukilala pale wewe ni wa nyumba hiyo, mambo yameisha. Susu alikuwa bado mtoto mdogo, lakini aliambiwa tangu siku hiyo kwamba yule ni wajina wake na ni jukumu lake.

Susu aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na watoto wake. Ndiko tumekulia. Kila asubuhi kabla ya chai, susu alikuwa anachukua ufagio anaenda kufagia lile kaburi, na akifagia anaongea. Anampa habari zote. Nani ameolewa, mbuzi gani amezaa, pasta mpya anahubiri namna gani. Sisi wajukuu tulizoea, hatukuona ni kitu cha ajabu.

Sasa tuje kwa yaliyotokea majuzi.

Ilikuwa kiangazi. Nilikuwa dukani Kambu nikapigiwa simu na binamu yangu fundi wa nguo, naye ni Milena. Akaniambia, "Kuja haraka, wewe ndiye uko na Kizungu. Kuna mzungu hapa analia."

Nilipofika nilimkuta mama wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, amekaa kwa benchi la cherehani na kikombe cha chai mkononi. Anaitwa Vesna. Alikuwa amefika sokoni na gari la kukodi akauliza watu, "Where is Milena?" Watu wa Ikutha ni wakarimu. Wakampeleka kwa Milena wa mayai. Akasema siye. Wakampeleka kwa Milena anayefanya kazi posho mill, kule kwa kusaga unga. Akasema siye, huyo anayemtafuta alikufa. Hapo wakashangaa kwa nini anatafuta aliyekufa, wakamleta kwa Milena fundi apumzike.

Akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Alinitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha na kijiji kizima.

Nilipomweleza, aliweka kikombe chini na kulia upya. Akaniambia yeye ni binti ya dada ya daktari. Kwao hakuna msichana hata mmoja aliyepewa hilo jina baada ya kifo. Mama yake alikuwa hawezi kusikia likitajwa nyumbani, kwa hivyo watu waliacha kulitaja, na watoto wa juzi hawajui kama kulikuwa na mtu kama huyo.

Nikamhurumia sana. Huruma yenyewe ilikatika aliponiambia kilichomleta.

Alikuja kumchukua.

Mama yake bado yu hai, mzee sana, haamki kitandani tena. Kitu kimoja tu anachoomba ni dada yake alale kwao kabla yeye mwenyewe hajafa. Vesna alikuwa ameshazunguka ofisi zote, ana karatasi za korti na za watu wa afya. Kilichobaki ni sisi, kwa sababu yeye mwenyewe alisema hawezi kuingia kwa shamba la watu na kuchimba bila wao kukubali. Hapo nilimpa heshima yake.

Tukakaa nyumbani chini ya turubai. Ukoo ulikuja wote. Mimi nikawa mkalimani, na wacha niseme ukweli, nilikuwa nikitafsiri huku moyo wangu uko upande wa kukataa.

Uncle Kioko, ndugu mkubwa wa baba, ndiye alianza.

"Mwambie hivi. Maiti hafukuliwi. Sisi hatujawahi kufukua mtu hapa, na hatutaanza na mama yetu. Ukifungua kaburi hujui umefungulia nini kingine."

Watu wakaitikia. Shemeji mmoja akaongeza, "Walikuwa wapi miaka hiyo yote? Nyasi ilifyekwa na nani?"

Nikatafsiri. Vesna akasema hilo swali ni la haki. Kwanza serikali yao haikuruhusu, halafu vita, halafu umaskini, halafu aibu ya kuchelewa. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Uncle Kioko akageukia susu. "Mama, wewe ndiye wajina. Hapa ni neno lako tu. Ukisema hapana, huyu atakunywa chai na kurudi kwao salama."

Wote tulijua susu atasema hapana. Alikuwa amemfagilia daktari karibu maisha yake yote. Tulikuwa tunangoja tu neno litoke twende tukale.

Susu akamgeukia Vesna, akamtazama. Halafu akaniambia, "Muulize. Kwao wamemwekea nafasi?"

Vesna akasema ndiyo. Babu na bibi yake walipokufa walizikwa na nafasi ikaachwa kando yao. Jiwe liliwekwa tangu zamani. Jina la Milena limechongwa juu yake.

"Na chini ya jiwe?" susu akauliza.

"Hakuna kitu," Vesna akasema.

Nilipotafsiri hilo, nilisikia wanawake wakiguna. Susu alishika kidevu. "Aiya," akasema polepole. "Jina liko na mtu hayuko? Na mama yake akafa akiangalia hilo shimo?"

Akamgeukia mwanawe.

"Kioko," akasema, "ukifia Mombasa, nitakuacha huko?"

"Hapana, mama."

"Hata ukifia Mombasa na watu wazuri wakuoshe, wakuzike vizuri, wakufagilie kila siku. Nitakuacha?"

Uncle akaangalia chini. Wakuu, kila mtu chini ya lile turubai amewahi kuchangia kusafirisha maiti. Sisi Wakamba tutauza ng'ombe, tutakopa, tutafanya harambee, lakini mtu wetu atarudi alale kwao. Hakuna kitu tunakijua vizuri kuliko hicho. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kwamba kinamhusu huyu pia.

"Basi huyu hajazikwa," susu akasema. "Sisi tumemhifadhi tu. Nilidhani mimi ni mtoto wake, kumbe nilikuwa nimekaa na mtoto wa wenyewe. Mwambie amchukue."

Nilishindwa kutafsiri. Vesna alielewa tu kwa kuangalia nyuso zetu.

Halafu susu akalia, na sikuwahi kumwona akilia hata siku alipomzika mwanawe. Alikuwa anasema, "Na mimi asubuhi nitaongea na nani? Nitaongea na nani mimi?" Ilibidi mamangu amshike.

Walikuja siku ya kufukua kukiwa na jua kali, watu wa afya na magloves yao. Pasta aliomba. Watoto walifungiwa kwa nyumba. Uncle Kioko, yule yule aliyekataa, alisema hakuna mgeni atakayegusa jembe hapo, akachimba mwenyewe na ndugu zake.

Kwa mifupa ya mkono wa kushoto walikuta bangili ya shaba. Ilikuwa bangili kama zile wanawake wa Kikamba wa zamani walizokuwa wakivaa, na susu aliitambua kwa mikato yake. Ilikuwa ya mama yake, yule aliyekuwa karibu kufa kwa uchungu siku ile. Alikuwa amemvalisha daktari kaburini na hakumwambia mtu yeyote mpaka naye akaenda.

Vesna alitaka kumrudishia susu. Susu akakataa katakata. "Aliyepewa amepewa. Aende nayo, kwao wajue hakukaa kwa watu wabaya."

Gari likaondoka. Tulibaki tumesimama pale na shimo letu, na mimi nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya. Nilikuwa namwona susu amenyang'anywa kitu na amesema asante.

Shimo lilijazwa, na mvua ilipokuja susu akapanda ndengu juu yake. Asubuhi alikuwa anatoka nje, anasimama, anarudi kwa nyumba. Alikonda. Nilianza kwenda nyumbani kila wikendi nikiwa na hofu.

Halafu Vesna akapiga simu. Wamemzika vizuri. Mama yake Vesna alibebwa kwa kiti mpaka makaburini, akashika sanduku kwa mikono miwili, akaongea nalo kwa muda mrefu kama anasimulia habari. Aliporudi kitandani alikula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wiki hiyo hiyo akafa usingizini.

Nikamweleza susu. Aliuliza wamemweka wapi. Nikamwambia kando ya dada yake.

Susu aliingia ndani, akatoka amejifunga leso nyeusi. Akatandika mkeka nje, akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefiwa.

Nikamwambia, "Susu, huyo hukumjua."

Akaniangalia kwa ukali. "Dada ya mama yangu ni nani yangu?"

Kwetu dada ya mama ni mama.

Kufika saa nane, wamama wa kanisa walikuwa wameanza kuingia. Mmoja na sukari, mwingine na majani ya chai, mwingine na unga kwa ndoo. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani hasa wala aliishi wapi. Waliambiwa Ndakitali amefiwa na mama yake, wakaja. Waliimba mpaka jua likashuka, na susu akaimba nao, kisha akaitisha ugali akala.

Nilimpigia Vesna video call nikamwonyesha. Aliziba mdomo kwa mkono na kutazama wanawake wa Ikutha wakimwombolezea mama yake, kwa wimbo ambao hakuujua, mpaka bando langu likaisha.

Wakuu, nimejifunza kwamba kuna watu unaowapenda ambao si wako peke yako, na heshima kubwa ni kukubali hivyo mwenye haki akija, hata kama kunakuuma. Mimi nisingeweza. Susu aliweza, na hajasoma hata darasa moja.

Kama nawe umebeba jina la mtu asiye wa damu yenu, au nyumbani kwenu amelala mgeni ambaye watu wake hawajui aliko, andika hapo chini. Nitasoma yote, na ya Kikamba nitamsomea susu.