Korongo wa Baba

Juzi korongo walitua nyuma ya nyumba yangu hapa Gitothua. Mjukuu wangu akasema, "Cucu, hawa hutoka Ulaya. Hufika mwezi wa kumi na moja, na kufikia wa tano washarudi kwao." Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni, Baba alikuwa karani wa shamba la kahawa karibu na Ruiru. Alipenda hadithi za wapelelezi kuliko chakula. Swali la kwanza la mpelelezi, alizoea kuniambia, si nani, ni lini. Pia alikuwa na daftari la ndege wanaohama.

Alasiri moja ya baridi kali ya Julai, askari waliingia kwetu wakinuka makoti yaliyolowa. Mmoja akasoma daftari lile kwa sauti: "Kumi na wawili wamefika. Wamelala kando ya mto."

"Ni korongo, afande," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake.

Askari akainama hadi usoni pangu. "Wewe uliwaona?"

Sikuwa nimeona hata mmoja. Nilisikia Baba ameacha kupumua.

"Niliwaona," nikasema. "Ni weupe."

Waliondoka. Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili. Nami kwa wiki nzima niliogopa moto wa Mungu, kwa kudanganya juu ya ndege.

Ilikuwa Julai, na Julai korongo wako kwao Ulaya; wale kumi na wawili walikuwa watu. Leo, nikiwa bibi kizee, ndipo nawaogopa wale askari.