Piano ya Wimbo wa Mwisho

Wasomaji wangu wa siku zote mmekwisha kuipata habari: yule Mrundi mpiga saksafoni wa Doonside, hapa Sydney, ametutoka. Moyo ulimsimama jikoni kwake asubuhi, akijiandaa kwenda zamu. Kwa kuwa tulikuwa katikati ya lokdauni, tulimzika kwa kutazama kwenye simu, wale wachache walioruhusiwa wakisimama mbalimbali kaburini na sisi wengine tukiandika pole chini ya picha. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini safu hii imekaa kimya hadi leo, mimi ambaye huwa siachi msiba wa jumuiya yetu upite bila kuuandikia. Nilikaa kimya kwa sababu nina la kuungama, na kuungama ni kazi ambayo sijaizoea.

Tulijuana, ingawa hatukuwa marafiki wa kushibana. Alikulia kambini Tanzania, akajifunza saksafoni kwenye bendi ya kanisa, akaja huku akapata kazi ya kutunza wazee. Ni wazee hao wa Kiaustralia waliompa jazz: zile nyimbo za swing walizozicheza ujanani mwao, na zile za taratibu za mapenzi. Alinisimulia habari za bibi mmoja aliyekuwa amesahau hata majina ya wanawe, lakini kila alipoogeshwa aliguna wimbo uleule, mdomo umefumbwa. Jamaa akaushika, akaenda kuutafuta, na siku moja baada ya zamu akampigia akiwa bustanini, dirisha la bibi likiwa wazi. Bibi akainua kidole: unakimbia. Akaanza upya, polepole. Kidole kikainuka tena. Walikwenda hivyo wiki nzima, mpaka siku ile bibi alipokiacha kidole mapajani na kufumba macho, ndipo naye akajiambia kwamba sasa wimbo anaujua. Nilicheka sana aliponisimulia, nikamwambia bibi huyo angefaa kuwa mhariri wangu.

Mwaka ule wa pili wa korona, muda mfupi kabla hatujafungiwa, alirekodi albamu ya nyimbo hizo. Alinitumia kwa WhatsApp, pamoja na ujumbe wa sauti: kaka, sikiliza ukipata nafasi, halafu uniandikie maneno machache ya kuweka kwenye jalada, maana watu wetu wanakuamini. Nafasi! Nilikuwa nimefungiwa ndani Auburn, ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, sina pa kwenda ila dukani na kurudi. Nafasi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho tele. Lakini jazz ya namna hiyo nilidhani naijua, na maharage yalikuwa motoni, nikaona nisimcheleweshe mwenzangu. Kabla maharage hayajaiva nilikuwa nimekwisha kumwandikia aya moja tamu, yenye mwisho huu: “Na katika wimbo wa mwisho piano inamsindikiza taratibu, kama mwenyeji anayemfikisha mgeni wake hadi stesheni.” Sentensi hiyo niliipenda kweli. Niliichota kwake yeye mwenyewe, kwani nilipomtembelea hakukubali kuniaga mlangoni. Alinifikisha hadi stesheni ya Doonside, akasimama pale mpaka treni iondoke.

Jioni ile akanipigia. Alishukuru mno, kisha akaniuliza, “Kaka, na piano umeisikia?”

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, ameufungua mwenyewe kwa adabu zake zote. Nami nikajibu, “Hasa hiyo piano.”

Akasema haya kaka, asante, nisalimie nyumbani. Wiki zikapita na albamu haitoki. Nikamtania kama anatoa albamu au anapika makande, naye akanijibu kwamba kuna kitu kidogo anamalizia. Sikuuliza ni kitu gani. Habari nyingine niliyoipata kutoka nyumba ile ilikuwa ya kifo chake.

Tulipofunguliwa nilikwenda kumpa pole mjane wake. Alinikaribisha chai, akaniletea boksi la diski, akaniambia zilifika kutoka kiwandani siku ya tatu baada ya maziko. Mwenyewe hakuwahi kuishika hata moja. Kwenye jalada ipo aya yangu, haikupunguzwa neno. Kisha shemeji akanieleza, bila ukali wowote, kwamba siku ya kurekodi mpiga piano wao, anayeishi Cabramatta, alikuwa amewekwa karantini, kwa hiyo walipiga watatu tu: saksafoni, besi na ngoma. Albamu nzima haikuwa na mguso mmoja wa piano. Ilikuwa imekwisha, inangoja jalada tu, ndipo ilipofika aya yangu. Mumewe akaizuia, akamwomba yule mpiga piano aongeze sauti ya piano kwenye wimbo wa mwisho akiwa huko huko nyumbani kwake, na wakawa wanarudiarudia kwa simu majuma kadhaa mpaka ikakaa vizuri.

“Mimi nilimwambia akurudishie maneno yako uyasahihishe,” shemeji alisema. “Akakataa. Akasema utaona haya. Akasema watu wakikosa piano watakucheka, na wewe ndiye mwandishi tuliye naye.” Akanitazama. “Kwani shemeji, hukuusikiliza?”

“Sikuusikiliza.”

Akaniongezea chai. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo najiona mdogo. Huku ugenini tumekuwa hodari wa kupongezana. Mtu akihitimu uuguzi, akifungua duka, akitoa albamu, simu inajaa madole gumba na hongera sana, tuko pamoja, na kumbe hatuko. Korona ilitupa udhuru wa kutofika, nasi tukautumia hata pale ambapo kufika kulitaka tu mtu akae kitini na kufungua masikio. Na sisi watu wa kalamu ndio wabaya zaidi, maana tunajua kuwa sentensi tamu hupita bila kukaguliwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliendelea mbele kwa sababu mtu mwingine alijitolea kuijenga, na akaijenga kwa siku alizobakiwa nazo.

Albamu nimeisikiliza sasa, yote, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hana haraka hata mahali pamoja, na nikisikiliza nakiona kile kidole cha bibi. Kwenye wimbo wa mwisho piano inaingia kwa kusitasita, inamfuata nyuma hadi mwisho, na ni nzuri kweli, na mimi siwezi kuifurahia. Bila hiyo piano angeiona kazi yake ikiwa mkononi mwake. Alinifichia aibu, na naona si haki iendelee kufichwa naye akiwa kaburini, kwa hiyo naitoa mwenyewe: maneno yale ya kwenye jalada niliyaandika bila kusikia wimbo hata mmoja. Mwenzako akikuomba sikio, usimpe ulimi. Mimi wangu nilimpa, naye badala ya kunirudishia, akautafutia piano.