Mwendo wa Mama Purukushani

Sitafuti huruma, nilijitakia mwenyewe. Televisheni za watu binafsi zilipoanza, nilipata jina kwa kuigiza Mama Purukushani, mwanamke anayetembea amebinua makalio na kuuliza kila mlangoni, "Mmeniona?" Watu walinipenda hadi nikakaa miaka miwili bila kukanyaga kwetu Tukuyu.

Siku moja mjomba akapiga simu: "Njoo, mama yako anakuulizia."

Nikaja na rangi ya mdomo na miwani ya jua. Nilipofika nyumbani Ibighi, palepale Tukuyu, nikakuta uwanja umejaa watu. Nikajisemea, kumbe hata huku wananitazama. Wanawake waliponiona wakanijia mbio, mikono wazi, kama mashabiki wanavyonijia Dar es Salaam. Basi nikatua begi, nikabinua, nikaenda ule mwendo mpaka katikati ya uwanja na kuuliza, "Mmeniona?"

Hakucheka mtu. Wanawake wakasimama. Wanaume kwenye mabenchi wakainamisha vichwa. Shangazi akanishika mkono, akanivua miwani taratibu.

"Tumekuona, mwanangu," akasema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu, tukamzike mama yako."