Hotpoti ya Gladness

Mrisho wa Kondoa hajawahi kula nguruwe, na pengine ndiyo sababu shamba moja kubwa la nguruwe huko Chamwino lilimpa geti alinde. Mwenye shamba aliona kwamba mtu asiyekula kitimoto hawezi kukibeba kuja nacho kazini. Shemeji zake walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Yeye huwajibu kwamba analinda geti, si bucha.

Sheria za hapo hazina mzaha. Unaoga, unavaa nguo na mabuti ya shamba, unakanyaga maji ya dawa, ndipo unaingia. Nyama ya nguruwe kutoka nje haivuki geti, na aliyeishika anakaa nyumbani wiki nzima bila malipo. Shamba la jirani walilegeza, homa ya nguruwe ikaingia, na ugonjwa ule hauna tiba. Sasa kwenye mabanda yale wanalala mbuzi wa watu, na waliofanya kazi humo wanauza maji stendi.

Lakini sheria ilikuwa na tundu, nalo ni Mrisho mwenyewe. Akikagua mizigo, mtu akimtania kwamba humo mna kitimoto, alirudi nyuma asije akakigusa, na kumpungia mkono apite. Watu walicheka. Utani mtamu, lakini wa kijinga.

Siku moja Gladness, anayehudumia nguruwe wanaonyonyesha, alirudi kutoka kwa mama yake, kijijini Mlali. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba nguruwe wa huko wanakufa, na watu wanawahi kuwachinja. Alibeba hotpoti, akasema ni ugali na mlenda.

"Fungua, dada," alisema Mrisho.

"Fungua mwenyewe, kaka," akajibu akitabasamu. "Ukikuta kitimoto usinilaumu."

Mrisho hakurudi nyuma. Alifungua, akapitisha vidole chini ya ugali, akatoa pande la nyama lililokaangwa juujuu. Gladness aliacha kutabasamu. Akasema taratibu kwamba mama ndiye aliyemfungia, angekataaje. Mrisho alimwonea huruma kwelikweli, maana naye ana mama.

Nyama na hotpoti yake alivifukia kwenye shimo la chokaa nje ya uzio. Akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa utotoni. Kisha akamwita msimamizi, Ernest, akamwambia afunge geti kwa ndani.

Ernest alishangaa. "Na wewe je?"

"Nimeshika," alisema Mrisho.

Geti likafungwa, yeye na Gladness wakiwa nje.