Nta ya Njano Siku ya Mbolea

Mmewahi kuona skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, zinagoma kuteleza?

Sisemi kwenye tambarare. Nasema kwenye mteremko, zinaelekea chini, juu yake yuko msichana wa kilo hamsini na tatu anasukuma fimbo kwa nguvu zake zote, na bado hazitaki.

Mimi nimeona. Na aliyezipaka nta skii hizo ni mimi mwenyewe.

Naitwa Komagata Isao. Kiangazi ni seremala. Majira ya baridi nanoa na kupaka nta skii za watu hapa Uonuma, pamoja na zile mbao pana za theluji wanazozipenda vijana. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hiyo. Mtu akikosea nta bondeni kwetu, wenzake wanamwambia, "Si ungemuuliza Komagata?"

Sasa kaeni niwasimulie ujinga wangu, maana unanikera mpaka leo.

Machi ya mwaka jana binti yangu Mizuho alikuwa anamaliza sekondari. Mashindano ya mkoa yalikuwa nafasi yake ya mwisho. Timu ya kampuni moja ya Nagano ilisema itawaita kwenye majaribio wasichana watatu wa kwanza. Ukiwa wa nne, imekula kwako.

Kwa Mizuho, kuwa wa nne maana yake ilikuwa kuanza kazi Aprili kwenye kiwanda cha biskuti za mchele, mstari mmoja na mama yake.

Mke wangu Teruyo haoni ubaya wowote wa kiwanda hicho. Mizuho naye hakubisha. Alisema tu, huku anaosha vyombo, "Nitaenda, Mama. Ila nikienda, mimi na theluji ndiyo basi tena."

Hakugeuka wakati anasema. Nilikuwa nakunywa supu yangu ya miso, nikasikia vizuri sana.

Kwa hiyo nilijiapiza: mtoto huyu atateleza kuliko wote.

Niwape somo kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Nta unaichagua kwa kuangalia theluji, si skii. Theluji ya baridi kali ina chembe ngumu zenye makali. Ukipaka skii nta laini, chembe zinajichimbia ndani na kukushika. Hiyo inataka nta ngumu, ya kijani. Theluji iliyolowa maji inataka nta laini, ya njano. Katikati kuna buluu na nyekundu.

Unayeyusha kwa pasi, unaacha ipoe, unakwangua, unapiga brashi mpaka mkono unakufa ganzi. Anayeacha nta nene juu akidhani ndiyo atateleza zaidi, huyo bado mgeni.

Mizuho alikuwa anayajua yote haya. Amekaa pembeni ya meza yangu tangu darasa la tatu. Ila pasi sikuwahi kumwachia. Nilikuwa namwambia, "Wewe kazi yako ni kushuka tu, mengine niachie."

Siku ya mashindano tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Joto kama la Aprili. Nikachota theluji, nikaibana kiganjani, maji yakatiririka. Nikachomeka kipimajoto: sifuri kamili. Hata mtoto wa chekechea angesema njano.

Nikawasha jenereta, nikapiga pasi, nikakwangua, nikapiga brashi. Kazi safi kabisa.

Mizuho akaja anakimbia kutoka kwenye mkutano wa makocha. Mimi sikwenda. Kwa nini niende? Theluji nimeshaishika.

"Baba, wanamwaga mbolea."

"Wamwage. Nenda kale."

Ngoja niseme kuhusu mbolea. Kwetu theluji ya Machi ikilegea, waandaaji wanamwaga ile mbolea nyeupe, SA, hiyo hiyo tunayotia kwenye mashamba ya mpunga. Inanyonya joto la theluji, juu pakawa pagumu na pa baridi. Njia haichimbiki, wa kwanza na wa mwisho wanashuka kwenye hali moja. Najua jambo hili miaka yote hiyo. Ila mifuko niliyoiona asubuhi ilikuwa michache, nikajiambia watanyunyizia karibu na milingoti ya kuzungukia basi.

Dakika kumi baadaye akarudi, tonge lake la wali likiwa bado mkononi, halijaumwa.

"Baba, ni juu mpaka chini. Wameleta mifuko mingine. Nimeishika theluji, imeshakuwa chembe ngumu. Tuweke kijani."

"Kijani? Kwenye joto hili?"

"Bado kuna nusu saa. Kama umechoka, nipe mimi pasi."

Hapo ndipo Hosogai akapita. Hosogai ni kocha wa kijiji cha jirani, mtu wa maneno mengi. Akasimama, akacheka.

"Komagata, leo mwanao ndiyo fundi? Wewe umekuwa nani, dereva?"

Watu wawili watatu wakacheka naye. Damu ikanipanda kichwani.

"Mizuho," nikasema kwa sauti ya kusikika, "usinifundishe kazi mbele za watu. Vaa buti."

Akavaa buti.

Mshuko wa kwanza, kati ya miwili, aliondoka vizuri. Milingoti ya juu aliipita kama anavyoipitaga, goti chini, kifua mbele. Kisha akafika pale katikati, mteremko unapolala kidogo, na skii zikashika. Nimesimama pale nimekunja ngumi, namwona mwanangu anasukuma fimbo kama mtu anayevuka shamba la matope. Wenzake walipapita hapo wamejikunja bila kusukuma kitu.

Namba kumi na moja.

Aisee, nilikasirika. Nililikasirikia jua. Niliikasirikia brashi. Nilimfokea Teruyo kwa simu, na yeye yuko kiwandani, hajui hata nazungumzia nini. "Sasa mimi nimefanyaje?" akaniuliza, akakata.

Nikafanya nini? Nikapiga tena pasi. Njano ile ile, nene zaidi. Mpaka leo siwezi kuwaeleza kwa nini. Nadhani kuweka kijani kungekuwa kukiri mbele ya Hosogai. Nikaziacha zipoe kwenye stendi, nikaenda kuwatolea uvivu waandaaji.

Nilimkuta mzee Tsunoda, mwamuzi, kitambaa chake cha uamuzi kimefungwa mkononi.

"Mbolea mnamwaga kimyakimya! Mnawaua watoto wa watu!"

"Kimyakimya vipi, Komagata? Tumetangaza kwenye mkutano. Binti yako alikuwepo, ameuliza mpaka idadi ya mifuko. Kaandika kwenye kiganja."

"Mkutano gani wa dakika tano?"

"Ambao wewe hukuja."

Nilibishana naye karibu saa nzima. Niliyoyasema mengine siyaandiki hapa. Niliporudi, skii hazipo kwenye stendi. Mizuho alikuwa ameshapanda juu. Nikajua amekwangua mwenyewe akaondoka.

Mshuko wa pili, jamani.

Pale katikati alipita kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Alipovuka mstari, watu wote wakageukia ubao. Muda wa kwanza. Hakuna msichana aliyeshuka haraka kuliko yeye mchana ule.

Wakajumlisha mishuko miwili. Namba nne. Sehemu tisa za mia ya sekunde nyuma ya namba tatu.

Mizuho alivua miwani akautazama ubao muda mrefu. "Imekula kwangu," akasema. Alijaribu kucheka, mdomo ukamkatalia.

Na mimi baba mtu, mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Umeona lakini mshuko wa pili? Nta ile ile! Nilikuambia!"

Akaniangalia.

Tukiwa bado tumesimama, akaja mama mmoja mfupi, koti la ile timu ya Nagano, kucha zimejaa nta. Akajitambulisha, Orikasa, fundi wa skii wa timu. Akainama kwenye skii za Mizuho, akapitisha ukucha wa kidole gumba chini yake, taratibu, kutoka mbele mpaka nyuma.

"Za mshuko wa pili kaandaa nani?"

Mizuho akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

"Umeweka nini?"

"Njano. Tabaka mbili."

Bi Orikasa akaniangalia, akaziangalia skii, akamwangalia Mizuho. Mizuho alikuwa anatazama buti zake.

"Hongera kwa kazi nzuri," akasema, akainama kwa heshima. Nami nikainama, tena chini kuliko yeye, nimejaa furaha. Akaenda zake.

Kwenye kirikuu chetu cha mizigo, njia nzima mpaka nyumbani, Mizuho alitazama nje ya dirisha. Nilidhani ni uchungu wa kuwa wa nne.

Siku ya tatu nikaziweka zile skii mezani nizisafishe. Nikakwangua. Nta ya njano ikikwanguliwa inatoka kama mikunjo laini. Hii ilitoka unga. Unga mkavu, wa kijani.

Nikakwangua tena, na upande wa pili. Kijani tupu. Nikafungua sanduku langu, nikatoa kipande cha kijani: kimeliwa kona nzima, na mimi msimu ule sikukigusa.

Bado nimekishika, Hosogai akaingia kuchukua skii za mtoto wake.

"Mwanao vipi, ameenda Nagano?"

"Aende Nagano kufanya nini? Si alikuwa wa nne."

"Ah, bwana. Si kwa mbio. Yule mama Orikasa anatafuta msaidizi. Kijana, wa kumfundisha kazi ya nta, kuanzia Aprili. Nilimwambia akaangalie skii za Mizuho, maana mwanao alikuja hemani kwangu akaomba pasi, akakwangua ule uji wako wote, akapaka upya. Nikasimama namwangalia. Aisee, yule mtoto ana mkono. Kwani yule mama hakuja kwenu?"

Nikasema alikuja.

"Sasa?"

Nikamwambia duka limefungwa, arudi kesho. Na ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilipaswa kuwasha gari palepale kwenda Nagano. Huo ndio ukweli wenyewe. Sikuwasha. Nilijiambia barabara ya mlimani ina barafu, nikajiambia kesho, na kesho yake nikajiambia nina skii za wateja. Nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo lile bila kuonekana muongo, na namna hiyo haipo.

Siku ya tano nikanunua boksi la maandazi ya mchele, yale ya kufungwa kwa majani ya mwanzi, kama tunavyofanya ukienda kuomba radhi kwa mtu. Nikaendesha saa mbili na nusu. Bi Orikasa alinipokea mlangoni mwa karakana yao. Nikainama mpaka kiuno, nikasema yote. Sikupunguza kitu.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Njano kwenye mbolea ile isingefika mbali. Halafu mwanao alikuwa na unga wa kijani kwenye mikono ya koti lake."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningekuumbua mbele ya mwanao? Nilikuachia useme mwenyewe. Namba yangu ipo kwenye orodha ya timu, nikajua utapiga jioni ile. Hukupiga. Nikangoja siku nne. Jana bosi alitaka jina, nikampa la binti mwingine, wa Iiyama."

"Jana?"

"Jana mchana."

Nikamsogezea boksi. Alilisukuma kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Rudi nalo, Bwana Komagata. Si mimi uliyenikosea."

Kurudi nilisimamisha gari mara mbili, nikalia. Mtu mzima, nimevaa na tai.

Nilimkuta Mizuho anajaribu sare ya kiwandani mbele ya kioo, Teruyo anampimia mikono. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaweka kichwa chini, nikamwambia. Sikuwa nimelazimika, eleweni, na hilo linaniuma pia: Hosogai angesahau, na Mizuho asingejua maisha yake yote. Lakini nilishachoka kuubeba uongo ule.

Mizuho akaacha kujitazama kwenye kioo. Kisha akauliza, "Ilikuwa nafasi ya kazi?"

"Ndiyo."

"Ya kupaka nta?"

"Ndiyo."

Akakaa chini, sare ikiwa bado na pini begani.

"Mimi nilidhani ni pongezi tu," akasema. "Siku nzima watu walikuwa wamekucheka, Baba. Nikasema hiyo sifa moja nikuachie."

Teruyo akatoka chumbani. Mimi sikuweza kuinua kichwa.

Sasa ni Januari. Kila asubuhi saa moja kasoro naona migongo miwili inaelekea kituo cha basi la kiwanda. Meza yangu nimemwambia ni yake siku yoyote akitaka, pasi na kila kitu. Huwa ananijibu kwa adabu kabisa, "Asante, Baba." Hajaja hata siku moja.

Wasomaji wangu, mkipewa sifa isiyo yenu, irudisheni hapo hapo, mbele ya aliyeitoa, kabla hamjajua ina nini ndani yake. Mkisubiri mjue, mtakuwa mmechelewa kama mimi. Na mwenye hamu ya kunitukana kwenye maoni, anitukane tu, sitafuta hata moja.